KONA YA MWALIMU: Filamu Iliyobaki Ndani ya Kamera

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda baadhi yenu mnacho kabatini bila ya kukijali, nacho ni kamera ya zamani ya Kijapani yenye lenzi mbili.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni kijana mmoja wa hapa Erdington aliyetujia baada ya sala ya Ijumaa na mfuko mkononi. Babu yake alifariki mwaka jana, Allah amrehemu, na katika vitu vyake ilipatikana kamera aina ya Yashica Mat-124G ndani ya mkoba wake wa ngozi. Kijana alijua kwamba nasi tunayo ya namna hiyo, akataka tumwambie itauzika kwa kiasi gani. Alikuwa amekwisha kukishika kifuniko cha nyuma ili atuonyeshe ndani, tukamzuia mkono. Kidirisha cha pembeni kilionyesha namba 10. Maana yake filamu ilikuwa bado imo. Picha tisa zilikwisha kupigwa na tatu zilisalia. Lau angelifungua, mwanga ungeliweza kuziunguza.

Kwa wasioijua, kamera hii ina macho mawili, moja juu ya jingine. Lenzi ya juu ni ya kutazamia: mwanga uingiao humo hugonga kioo kilicholazwa kwa pembe ya digrii 45, ukapanda hadi kwenye kioo cha ukungu kilichoko juu ya kisanduku. Lenzi ya chini ndiyo ipigayo. Zote mbili zimefungwa pamoja na husogea pamoja, hivyo kinachoonekana wazi kwa juu huwa wazi kwa chini. Mpigaji huishika mbele ya tumbo, akainamisha kichwa. Taswira aionayo imesimama wima, lakini kulia kumekuwa kushoto, na asiyezoea humfuata mtoto akimbiaye kwa upande usio wake. Filamu yake ni ya 120, itoayo picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6.

Umbo hili halikuzaliwa Japani. Kampuni ya Kijerumani ya Franke & Heidecke ndiyo iliyotoa Rolleiflex mwaka 1929, kamera nzuri lakini ghali. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wajapani waliufuata mfano huo. Ricohflex III ya mwaka 1950 ilienea kwa unafuu wa bei yake; Minolta wakatoa Autocord mwaka 1955; Mamiya wakaja na kamera ambazo lenzi zake hubadilishwa, kama vile C330 ya mwaka 1969. Yashica, kampuni iliyoanzia mkoani Nagano mwaka 1949, iliitengeneza Mat-124G tangu mwaka 1970 hadi 1986.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa picha. Unguja palikuwa na Capital Art Studio, iliyoasisiwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa palikuwa na Parekh, na Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe na kusifika kwa kuunganisha picha kwa ustadi. Hapa Birmingham, Ernest Dyche na mwanawe Malcolm walikuwa na studio Moseley Road, Balsall Heath. Katika miaka ya 1950 na 1960 wahamiaji kutoka Karibi, India na Pakistani walikwenda huko wakiwa wamevaa nguo zao bora, wakapigwa picha za kupeleka kwao. Picha hizo leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Birmingham, na nyuso nyingi zilizomo hazijulikani ni za nani.

Turejee kwa kijana wetu. Tulimwambia asiuze kwanza, bali azimalize picha tatu zilizobaki. Kipima mwanga cha kamera hiyo kilihitaji betri ya zebaki, ambayo haiuzwi tena, kwa hiyo tulikisia kwa macho. Filamu ikizeeka hupungua uhodari wake wa kuupokea mwanga, basi tukaipa mwanga mwingi kuliko kawaida. Alipiga ziwa la Brookvale Park, akampiga dada yake, na ya mwisho akampiga mama yao mlangoni kwake. Kisha akauzungusha mkono wa kamera mpaka filamu yote ikajiviringisha ndani ya karatasi yake. Ilikuwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe.

Hapo ndipo lilipozuka jambo zito. Kijana alitaka kuipeleka dukani ikasafishwe. Mama yake akakataa. Alisema, "Baba alikuwa akimpiga picha mama ndani ya nyumba, na mama hakuwa akijifunika nyumbani kwake. Sikubali mwanamume nisiyemjua amtazame." Kijana akajibu kwamba dukani hupita filamu nyingi mno, hakuna amtazamaye mtu. Mama akasema kwamba mama yake hakuwa "filamu nyingi".

Ndugu wasomaji, hatuingii katika hitilafu za maulamaa juu ya picha. Aliye na shaka na amuulize imamu wake. Lakini katika suala hili tulimwona mama yule ana haki kamili. Ruhusa aliyoitoa marehemu ilikuwa kwa mumewe, si kwa kila mwenye macho, wala haikuisha alipokufa. Leo picha za mabinti na mama zetu hupelekwa kwa watu mia kwa kidole kimoja, na mara nyingi hakuna aliyewauliza.

Tukapendekeza njia ya tatu: mjukuu wa kike aisafishe mwenyewe. Ilford, kampuni ya Kiingereza iliyoko Cheshire, hadi leo hutengeneza filamu na dawa zake, na kazi yenyewe haihitaji mashine. Tulimpa filamu mbovu ajizoeze kuiviringisha kwenye gurudumu lake akiwa amefumba macho. Siku ya kazi alijifungia bafuni, blanketi limetundikwa mlangoni, hata nukta ya mwanga isipenye. Filamu ikishaingia katika kopo lake na kufunikwa, taa huwashwa. Sisi tulikaa ukumbini na saa yetu, tukimtajia dakika kupitia mlangoni: dawa ya kwanza katika joto la digrii 20, kisha ya kuizuia, kisha ya kuithubutisha, kisha maji mengi.

Alitoka baada ya muda mrefu, macho mekundu. Katika zile tisa, nne zilikuwa zimefunikwa na ukungu. Alituletea ya babu yake akiwa ameketi kwenye ngazi za nyuma na mtoto mapajani, na mama yao akamtambua mtoto yule: ndiye kijana mwenyewe. Zile tatu mpya zilitoka hafifu, lakini zilitoka. Zilizosalia mama na binti walikwenda nazo chumbani. Hatukuziona, wala hatukuuliza.

Mwenye kamera kama hiyo na azingatie haya. Kabla ya kuifungua, atazame namba pembeni. Asikilize mwendo wa sekunde moja: ukikwama, mafuta ya ndani yameganda na yahitaji fundi, nguvu haitasaidia. Amulike lenzi kwa tochi. Akiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu iletwayo na unyevu, na kamera zilizokaa pwani yetu huipata upesi. Asiihifadhi katika mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu.

Na aliye na picha tu, bila kamera, achukue penseli laini leo usiku, aketi na mzee wake, aandike nyuma ya kila moja: nani, wapi, mwaka gani. Asitumie kalamu ya wino, hupenya. Kisha aulize swali la pili: hii ni ya kuonwa na nani? Jibu nalo aliandike.

Kijana hajaiuza kamera. Alikuja juzi kutuuliza wapi pa kununua filamu.

Mungu awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.