Namba za Watu Wetu Haziuzwi

 

Leo tunasema juu ya kazi ya kupigia watu simu. Tangazo lake mnalijua, linazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: wanatafutwa vijana wanaojua Kiswahili, Kifaransa, Kilingala ao Kinyarwanda, sekondari inatosha, kazi ya ofisi, mapato makubwa. Ukifika unakuta chumba, meza, simu na karatasi yenye maneno ya kusoma. Kazi yako ni kutafuta watu wanaoweza kununua: kiwanja, bima, mkopo, kozi, "msaada wa viza". Mtu akionyesha hamu kidogo tu, namba yake inaandikwa, inapelekwa kwa muuzaji mkubwa amalizie. Mshahara hakuna, kuna komisheni. Na swali wanalolikazia kuliko yote siyo umesoma wapi. Ni hili: "Uko na namba ngapi za watu wenu?"

Hapo ndipo tunasema hapana.

Tuelewane. Hatudharau kazi ya mtu. Kampala siyo Nakivale wala Kyaka II, hapa hakuna anayekungoja na posho ya chakula. Aliyekuja mjini anajitegemea. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Kuuza kwa simu pia ni kazi. Mama anayeuza vitenge akipigia wateja wake kuwaambia mzigo umefika, hiyo ni biashara safi. Wateja wanamjua, nyumba yake wanaijua, kitenge kikichuja watamrudishia mlangoni. Tunachokataa ni kumpigia mtu asiyekujua, kwa namba ambayo hakukupa wewe, kumuuzia kitu ambacho hata wewe hukielewi.

Wengine watasema: lakini dunia nzima watu wanapigiwa simu za biashara, kwa nini wakimbizi walie? Jibu ni kwamba dunia nzima haipokei simu kama sisi. Marekani mwaka 2003 serikali ilifungua daftari la watu wasiotaka kupigiwa simu za kuuziwa vitu, na kabla mwaka haujaisha namba zilizoandikwa zilikuwa zimepita milioni 50. Mtu wa Chicago akiona namba asiyoijua anaiacha ilie mpaka ichoke.

Mkimbizi anapokea kila namba. Inaweza kuwa Ofisi ya Waziri Mkuu inamwita juu ya kitambulisho. Inaweza kuwa UNHCR juu ya faili yake. Inaweza kuwa kaka aliyepotea tangu mlipokimbia Masisi ao Uvira, ameazima simu ya mtu njiani na iko na vocha ya dakika moja. Kwa hiyo mama anatoka katikati ya ibada, anaacha sufuria motoni, anapokea. Orodha ya namba za wakimbizi ni orodha ya watu wasiothubutu kukata simu. Ndiyo maana iko na bei.

Sasa angalieni maneno wanayofundisha kusoma. Usimuulize mtu kama anataka ao hataki, muulize, "Nikuandikie Jumanne ao Jumatano?" Mwambie nafasi ni leo tu. Kila "hapana" iko na jibu lake limeandikwa tayari. Taja jina la mtu anayemjua. Anza na salamu ya kwao. Hii ya mwisho ndiyo sababu wanatutaka sisi. Mama akisikia lugha ya nyumbani anafikiri anaongea na mtoto wake, na mtoto wake hawezi kumdanganya.

Na kuna watu wengine wanaofungua mazungumzo kwa njia hiyo hiyo. Ni matapeli, wale ambao hapa Kampala wanaitwa bafere. "Nimepewa namba yako na fulani," kisha wanaahidi safari ya Kanada ukilipia faili. Tunarudia kwa sauti: huduma za UNHCR ni bure, na nafasi ya kwenda nchi ya tatu haiuzwi. Lakini tukiwazoesha wazazi wetu kwamba sauti ngeni inayosema lugha ya kwao ni jambo la kawaida, tunamfungulia mfere mlango. Ao wanachoka kabisa, wanaacha kupokea namba ngeni, na siku ofisi inapiga kweli kuwaita kwenye mahojiano, simu inalia peke yake. Hiyo hasara nani ataifidia? Komisheni ya nani?

Chukueni mfano wa kiwanja. Kwa Katiba ya Uganda na Sheria ya Ardhi, mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya mailo wala frihodi. Anachoweza kupata ni lizi, na haizidi miaka 99. Sasa kijana anakaa na karatasi yake anasoma, "Kiwanja chenye hati, lipa kidogo kidogo, kitakuwa chako milele." Anampigia shangazi yake anayefua nguo za watu. Bosi hajamwambia kijana habari ya lizi, na kijana hajauliza, juu akiuliza sana kesho hana kiti. Shangazi akianza kulipa, muuzaji mkubwa hatamwona. Atakayemwona kila Jumapili kanisani ni wewe.

Na wewe mwenyewe unapata nini? Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijainuliwa. Hiyo inaisha kwa nauli ya siku chache. Maana yake, usipodai mshahara kabla ya kukaa kwenye kiti, hakuna kima cha maana cha kukukinga. Unamaliza wiki tatu unasoma karatasi, namba zako zote zimeisha kupigiwa, komisheni inakuja "ikiwa mteja amelipa", halafu wanakuambia kesho usije. Namba zimebaki kwao. Heshima yako pia imebaki kwao.

Sasa sehemu ya mashirika, na tunaomba msikasirike. Kila mafunzo, kila mkutano, karatasi ya mahudhurio inapita: jina, umri, nchi, namba ya simu, sahihi. Inapita mikono thelathini. Aliye nyuma anaweza kuipiga picha, na hakuna atakayemwona. Tunaelewa, mfadhili anataka ushahidi kwamba watu walikuja. Lakini ushahidi huo hauhitaji mtu wa thelathini asome namba ya mtu wa kwanza. Wekeni mtu mmoja mlangoni aandike. Kama namba haina kazi, msiiulize. Karatasi ikijaa, iende kwenye kabati lenye kufuli, isilale kwenye kiti cha gari.

Na sisi tunaojitolea tusijifiche nyuma ya mashirika. Namba tulizo nazo tulipewa za kuitia watu chanjo, mafunzo na sabuni. Mtu akija na noti mkononi kutaka orodha ya eneo, jibu ni moja, hata kama kodi ya nyumba imefika. Tunajua inavyouma. Lakini orodha siyo yetu.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Kulinda Taarifa na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuuza taarifa za mtu. Adhabu yake ni faini inayofika shilingi milioni 4.9, ao jela isiyozidi miaka 10, ao vyote viwili. Inakupa pia haki ya kuiandikia kampuni iache kutumia taarifa zako kukutangazia biashara. Malalamiko yanapelekwa kwenye Ofisi ya Kulinda Taarifa Binafsi, iliyo chini ya NITA-U. Wala siyo sheria ya mapambo: mwaka 2021 NITA-U ilisema wazi kwamba SafeBoda ilipeleka taarifa za wateja wake kwa kampuni ya CleverTap bila kuwaeleza inavyotakiwa. Kama kampuni kubwa hivyo inaulizwa, na ofisi ya chumba kimoja itaulizwa. Na sheria hii haichagui raia na mkimbizi.

Kijana mwenzetu, ukiitwa kwenye kazi ya simu, hatukukatazi kwenda. Uliza kwanza: mshahara wa msingi ni ngapi, na uko wapi kwa maandishi? Namba za kupiga zimetoka wapi, na wenyewe walikubali? Kitu tunachouza, mkimbizi anaruhusiwa kukinunua? Wakijibu vizuri, kaa ufanye kazi, na utuambie na sisi tulete wengine. Wakianza kucheka, ao wakirudia lile swali la namba za watu wenu, simama utoke.

Na ukiona tangazo la namna hiyo kwenye grupu, usilipitishe tu. Muulize aliyeliweka maswali hayo hapo hapo, wote wasome.