Daftari la mali ulizotoa

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaandika, mama lishe anaandika, kikundi cha kuweka na kukopa kinaandika. Ninaamini nawe msomaji unalo daftari lako, hata kama liko ndani ya simu. Jumapili ya leo nakuuliza jambo moja tu: umeandika nini ndani yake?

Ili tujibu vizuri, nakualika twende mbali kidogo, kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, nchi iliyo kaskazini mwa Australia. Huko kuna kabila liitwalo Kawelka. Baadhi yao waliishi Mbukl, kijiji cha milimani kaskazini mwa mji wa Mount Hagen. Watu wa mabonde hayo hawakujulikana na ulimwengu wa nje hadi miaka ya 1930, walipofika Waaustralia waliokuwa wakitafuta dhahabu. Mwaka 1934 wakafuata wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Neno la Mungu.

Mwanaume mwenye heshima katika eneo hilo alivaa shingoni vijiti vyembamba vya mwanzi, kimoja chini ya kingine, vikining'inia kifuani kama ngazi. Pambo hilo huitwa omak. Kila kijiti kilihesabu magamba makubwa ya chaza, 8 au 10, ambayo mtu huyo aliwapa wengine. Tafadhali usipite haraka hapo. Kilihesabu alichotoa. Alichobaki nacho nyumbani hakikuhesabiwa. Daftari la mtu lilikuwa kifuani pake, kila mtu analisoma, na lilijaa vitu visivyokuwa vyake tena.

Tuangalie maisha yenyewe. Chakula kikuu huko ni viazi vitamu, zao lenye asili ya Amerika, kama viazi vyetu. Mwanamke huvichimba na kuvibeba katika mfuko wa nyuzi ulioning'inizwa kutoka kichwani. Vikubwa ni vya watu, vidogo ni vya nguruwe. Nguruwe ndiye mali: ndiye mahari, ndiye fidia ya damu, ndiye karamu. Zamani nguruwe walilala katika vizimba ndani ya nyumba ya wanawake, kwa hiyo mama alilala karibu na utajiri wa ukoo akisikia unavyokoroma.

Ardhi ni ya ukoo. Inakadiriwa asilimia 97 ya ardhi yote ya Papua New Guinea inamilikiwa kimila mpaka leo. Mtu ana haki ya kulima na watoto wake wana haki ya kulima baada yake, lakini hawezi kuamka asubuhi akamuuzia mgeni. Na watu hawa si wageni katika kilimo. Mahali paitwapo Kuk, katika ardhi ya Wakawelka, watafiti walikuta mabaki ya mashamba ya miaka ipatayo 7,000 iliyopita, na mwaka 2008 UNESCO ikaliweka eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukimsikia mtu akiwaita washamba, mwambie ni kweli, wana mashamba ya siku nyingi kuliko miji mingi. Tena wanatukumbusha fundisho la Mambo ya Walawi sura ya 25, kwamba ardhi ni ya Mungu na sisi ni wapangaji tu.

Sasa njoo kwenye utoaji wenyewe. Unaitwa moka. Ukoo mmoja unaupa ukoo mwingine nguruwe, na baada ya miaka wale waliopokea wanarudisha wakiwa wameongeza. Nyongeza hiyo ndiyo heshima yao. Mwaka 1974 ilitengenezwa filamu juu ya kiongozi wa Wakawelka aitwaye Ongka. Miaka kumi hivi kabla ya hapo alikuwa amepokea nguruwe 400, naye sasa alikuwa akikusanya 600 ili kurudisha, pamoja na ng'ombe, ndege wakubwa waitwao kasowari, fedha, pikipiki na gari. Alizunguka siku nyingi akibembeleza ndugu, wake na wakwe ili kila mmoja alete nguruwe wake. Kiongozi huyo hakuwa na jeshi wala cheo cha kurithi. Alikuwa na maneno, jasho na sifa ya kutoa.

Mweke mtu huyo mbele ya tajiri wa Luka 12. Tajiri yule alivuna sana, akakaa akajiuliza la kufanya. Ukisoma mfano huo kwa makini utaona kwamba hazungumzi na mtu yeyote. Hamuulizi mke, jirani, wala mfanyakazi aliyevuna. Anazungumza na nafsi yake juu ya ghala zake, na usiku huohuo anaitwa. Mungu anamwita mpumbavu, ingawa hesabu zake zilikuwa sahihi. Ujinga wake ulikuwa kudhani kwamba mali inakaa salama pale ambapo hakuna mtu mwingine. Mkulima wa Mbukl angemshangaa, kwa sababu nguruwe hawekwi ghalani. Anazeeka, anaumwa, anakufa. Usipomtoa leo, kesho unamzika.

Hata magamba yale ya chaza yaliwafundisha. Watafuta dhahabu walipogundua kwamba watu wa milimani wanayapenda, waliyaleta kutoka pwani kwa ndege, maelfu kwa maelfu, na thamani yake ikaporomoka. Leo jina la gamba hilo, kina, ni jina la fedha ya nchi hiyo tangu 1975. Kilichokuwa utajiri wa wazee kimebaki kuwa jina.

Je, basi, watu wa moka wameshafika kwenye Injili? Hapana, na tusiwapambe kupita kiasi. Daftari la kifuani lina kasoro tatu.

Kwanza, mtoaji anaweza kutoa ili ashinde. Anampa mwenzake nguruwe wengi mpaka mwenzake anaona aibu. Zawadi inakuwa ngumi. Pili, vijiti vya mwanzi havikuhesabu jasho la mwanamke. Aliyechimba viazi, aliyebeba, aliyelisha nguruwe asubuhi na jioni, hakuvaa omak. Tatu, mali inazunguka kati ya wenye nacho. Asiye na nguruwe wa kurudisha, yatima, mgeni, mtu wa ukoo wa adui, huyo yuko nje ya mzunguko.

Kasoro hiyo ya tatu ilionekana kwa machozi tarehe 24 Mei 2024. Saa tisa usiku mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Yambali, katika mkoa jirani wa Enga. Nyumba, bustani, nguruwe na watu vilifunikwa pamoja. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikadiria waliokufa kuwa zaidi ya 670, na Serikali ikasema waliofukiwa ni zaidi ya 2,000. Ndugu walichimba kwa majembe, kwa vijiti na kwa mikono mitupu, ingawa udongo ulikuwa bado unateremka. Huo ni upendo wa damu, na ni mkubwa. Lakini siku hizohizo, kwenye barabara ya kupeleka misaada, koo mbili zilikuwa zikipigana. Iliripotiwa watu 8 waliuawa na nyumba zikachomwa. Ukarimu uliosimama mpakani mwa ukoo haukutosha. Miezi michache baadaye, Septemba 2024, Papa Fransisko alikuwa Port Moresby, mji mkuu wa nchi hiyo, akiomba mapigano ya makabila yakome.

Msomaji, kabla hujawatikisia kichwa watu wa Enga, fungua daftari lako la michango ya harusi. Sisi nasi tuna moka yetu. Fulani alinichangia laki moja, nami namrudishia laki na nusu. Fulani hakunichangia, kadi yake naiweka pembeni. Kundi la WhatsApp linatangaza majina na kiasi, na mtu anatoa kwa kuogopa kuonekana. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa wiki sita, na katika mtaa uleule mgonjwa anatafuta fedha ya dawa, hakuna kamati wala mwenyekiti. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa hana harusi ya kutualika mwakani. Hawezi kurudisha.

Ndiyo maana Yesu, akiwa mezani kwa Farisayo (Lk 14:12-14), alimwambia mwenyeji wake asiwaite tu rafiki na majirani matajiri, bali awaite maskini, vilema na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kulipa. Bwana hakukataza sherehe. Wala hakusema zawadi kati ya marafiki ni dhambi. Alitaka tuwe na ukurasa mwingine katika daftari, ukurasa wa wasioweza kurudisha, ambao malipo yake yanasubiri ufufuko.

Nikupe kazi ya wiki hii. Chukua daftari lako ukae na mwenzi wako, au peke yako kama huna mwenzi. Hesabu ulichotoa mwaka huu kwa watu watakaokurudishia. Kisha hesabu ulichotoa kwa watu wasioweza. Kama ukurasa wa pili ni mweupe, anza na mtu mmoja kabla ya Jumapili ijayo: mjane wa jirani, mtoto aliyerudishwa shule kwa kukosa sare, mgonjwa asiye na ndugu wodini. Usitangaze kwenye kundi. Na kama mali hiyo imetokana na jasho la mkeo, la dada wa kazi au la kibarua wako, mlipe kwanza haki yake, maana huwezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mungu akujalie moyo huo. Nakutakia Jumapili njema.