Weupe Usiothibitisha Usalama

Wagiriki wana ouzo, Waturuki wana raki. Kila upande hukisifu kinywaji chake na kukibeza cha jirani. Mwanafunzi wa kemia ana haki ya kuuliza: je, vileo hivi viwili vyatofautiana wapi?

Tofauti imo katika chimbuko. Raki hutokana na zabibu: kileo chake hukenekwa tena pamoja na mbegu za anisi, mmea wa jamii moja na shamari. Ouzo huanza na alkoholi ya mazao ya shamba, na sehemu yake tu ndiyo hukenekwa pamoja na anisi na viungo vingine. Raki kwa kawaida huwa na alkoholi asilimia 45; ouzo haipaswi kupungua asilimia 37.5.

Lakini tia maji, na tofauti yafichika. Vyote viwili, vilivyokuwa vyangavu, hugeuka kuwa vyeupe. Ndiyo maana Waturuki huiita raki maziwa ya simba. Sababu ni moja. Anetholi, kiini cha mafuta ya anisi, huyeyuka vyema katika alkoholi, bali si katika maji. Maji yazidipo, mafuta hujitenga yakawa matone madogo mno yatawanyayo mwanga.

Ni rahisi, basi, kuudhania weupe huo kuwa ushahidi wa kinywaji halisi. Hapo ndipo hatari ilipo. Methanoli nayo huyeyusha anetholi, hivyo raki ya bandia yenye sumu hiyo hugeuka nyeupe vilevile. Mwaka 2005 raki ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 20 nchini Uturuki. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi fomiki, ambayo hupofusha na kuua. Wala sisi hatuko mbali na balaa hilo: Mei 2014 pombe iliyochanganyika na methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya.

Kwa maoni yangu, somo hili lastahili nafasi darasani kuliko ubishi wa nani aliyetangulia kukeneka. Kila jaribio hujibu swali lake tu. Weupe wasema kuwa anetholi imo; hausemi ni alkoholi ipi iliyoibeba. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza, "Jaribio hili limethibitisha nini hasa?" amepata kinga ambayo macho peke yake hayawezi kumpa.