Saa za Tikiti na Saa za Msafiri

Kutoka kiwanja cha ndege cha Embakasi, ambacho sasa huitwa Jomo Kenyatta, hadi kiwanja cha Mombasa ni mwendo wa kilomita 420 hivi, yaani maili 260, kwa kuwa ndege hukata moja kwa moja. Reli iliyofunguliwa mwaka 2017 ina kilomita 472, na barabara ipitayo Voi ni ndefu kuliko reli. Watu wengi husikia ya kwamba ndege kubwa huenda kilomita 800 kwa saa, wakagawanya, wakapata nusu saa na kidogo, kisha wakashangaa kuona tikiti yao imeandikwa saa nzima.

Kosa si la rubani. Kiwanja cha Nairobi kiko futi 5,330 juu ya bahari, nacho cha Mombasa kama futi 200 tu. Ndege hupanda polepole, ikatulia juu kitambo, na mara huanza kushuka. Tena, saa ya tikiti huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka mahali iliposimama, wala si inaporuka, nayo haikomi mpaka isimame kabisa kule iendako. Angani penyewe ni dakika 40 au 45, na aliyeketi upande wa kuume, mawingu yakimridhia, ataiona Kilimanjaro.

Lakini msafiri haanzii Embakasi. Na tumfikirie karani aliyepigiwa simu asubuhi ya kwamba baba yake mkubwa amefariki Mombasa, na maziko ni baada ya sala ya alasiri. Maziko hayo hayamngoji mtu. Akipata kiti katika ndege ya saa saba mchana, yampasa atoke nyumbani saa nne, kwa sababu ya msongamano wa magari mjini, ukaguzi wa mizigo, na kaunta ambayo hufungwa mapema bila huruma. Atashuka saa nane. Toka hapo Port Reitz hata kisiwani ni kupita Makupa, pamoja na malori ya bandarini. Saa moja ya tikiti imekwisha kuwa tano. Gari moshi la moja kwa moja nalo huchukua kama saa tano, ila stesheni zake, Syokimau na Miritini, ziko mbali na mji vile vile. Kwa huyu karani ndege yafaa. Aendaye kutembea wiki nzima akiba ya fedha ni bora kwake.

Liko jambo jingine liwaponzalo hata wasomi. Saa za tikiti huhesabiwa toka usiku wa manane, si toka macheo. Basi 09:00 ni saa tatu asubuhi; ajaye saa tisa alasiri ataambiwa ndege iliondoka saa sita zilizopita. Na 15:00 ndiyo saa tisa yenyewe. Safari za ng'ambo, ambazo nyingi huondoka usiku, zina mtego mkubwa zaidi: tikiti ya Jumamosi 00:30 ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwenye tikiti hiyo hutoka nyumbani Ijumaa jioni, akiwa amekwisha agana na watu wake.