Biharusi, Usivae Mapezi ya Mguu wa Mwenzio



Majuzi tulikuwa kwenye kufungua begi la harusi ya mwenzetu. Mnajua wenyewe ilivyo: mashoga wamejaa chumbani, udi unafuka, na kila kinachotolewa kinapigiwa vigelegele. Zikatoka kanga, yakatoka madera, manukato, viatu vya kisigino kirefu. Halafu chini kabisa yakatoka mapezi ya kuogelea, meusi, yanang'aa, marefu karibu mita moja. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kumbe bwana harusi ameahidi kumpeleka Mnemba kwenye fungate, akaona mkewe asiingie baharini mikono mitupu.

Tulicheka na sisi. Lakini tulipoyashika tukanyamaza. Yalikuwa namba 41, na mwenzetu anavaa 37. Bapa zake zilikuwa ngumu kama ubao wa kukunia nazi. Nia ilikuwa njema, hatusemi vingine. Ila zawadi ile, kama angeingia nayo maji marefu siku ya kwanza, ingeweza kumtia hatarini.

Tunasema hivi kwa kuwa mmoja wetu yalimkuta. Kwenye fungate yake alipewa botini mapezi ya kuazima, makubwa kuliko mguu wake. Alipofika kwenye maji yasiyofika chini, pezi moja likachomoka likaenda zake. Akabaki anapiga teke kwa mguu mmoja, maji yakamwingia kwenye mrija, akapaparika. Mumewe na nahodha walimvuta, alhamdulillah. Ila mpaka leo, miaka imepita, ukimtajia bahari anasema, "Hiyo si yangu." Mtoto wa kisiwani, kazaliwa anasikia mawimbi, anasema bahari si yake kwa sababu ya kiatu kisichomkaa. Hilo linatuuma.

Basi rai yetu tunaiweka wazi: raha ya mguu ije kwanza, kabla ya urefu wa pezi, kabla ya rangi, kabla ya bei. Na kabla ya pezi lenyewe, kuje kujua kuogelea.

Tuanze na lililo gumu

Wengi wetu hatujui kuogelea. Tuseme kweli. Kaka zetu walijifunza wakiruka kutoka Forodhani wakiwa wadogo, sisi tukawa tumekaa tunawashikia nguo. Somo anamfundisha biharusi mengi, singo, mapishi, adabu ya nyumba, lakini hakuna anayemfundisha kuelea.

Na gharama yake tunaijua. Mwezi wa Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai 2012 ikazama MV Skagit. Hakuna familia Unguja na Pemba ambayo haikuguswa au haimjui aliyeguswa. Hatusemi kuogelea kungewaokoa wote, la. Tunasema mwanamke wa kisiwani asiyejua hata kuelea ni jambo tulilolizoea na hatukupaswa kulizoea.

Watazame pia mama zetu wa mwani kule Paje na Jambiani. Tangu kilimo hiki kianze mwishoni mwa miaka ya 1980 wamekuwa wakifanya kazi kwenye maji mafupi, wakati wa maji kupwa. Sasa maji hayo mafupi yanapata joto mno na mwani unakufa. Ushauri wanaopewa ni kusogea maji marefu zaidi. Kwa asiyejua kuogelea, atasogea vipi? Kwa hiyo mtu akituambia habari ya mapezi ni anasa ya watalii, tunamwambia aende akawaulize wao.

Wapo pia watakaosema mwanamke na mbizi wapi na wapi. Kwenye kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, wapiga mbizi wanaosifika ni wanawake, haenyeo, na wengi wao ni bibi wenye wajukuu. Wanazama kiasi cha mita 10 kwa pumzi moja tu kutafuta kombe na chaza. Mwaka 2016 UNESCO iliutia utamaduni wao kwenye orodha ya turathi za dunia zisizoshikika. Tena wanavaa mapezi. Na kwetu Nungwi, wasichana wamefundishwa kuogelea na walimu wanawake chini ya mradi wa Panje, wakiwa wamevaa nguo zao za stara. Kwa hiyo inawezekana, na imeshafanyika hapa hapa.

Marefu au mafupi?

Pezi refu lina sababu yake. Bapa ndefu inasukuma maji mengi kwa teke moja la polepole, kwa hiyo anayezama kwa pumzi moja hachoki upesi wala hamalizi pumzi. Lakini ulefu huo unadai nguvu ya mapaja na nafasi ya kugeukia. Ukielea juu kwenye mwamba mfupi na mapezi ya karibu mita moja, kila ukigeuka unapiga matumbawe. Tumbawe lililovunjika halioti kesho wala kesho kutwa.

Kwa hiyo jiulize unakwenda kufanya nini. Ikiwa ni kuelea na miwani na mrija, kutazama samaki Mnemba au Chumbe, chukua pezi fupi au la kati, laini, yatosha. Ikiwa umeshajua kuogelea na unataka kujifunza kuzama kidogo kidogo, hapo ndipo lefu lina maana, nalo liwe laini. Pezi gumu si alama ya ufundi. Kwa anayeanza ni njia ya haraka ya kukazwa na misuli ya ndama wa mguu, na msuli ukikaza kwenye maji marefu si jambo la mzaha.

Kuna mapezi ya plastiki, ya nyuzi za kioo na ya kaboni. Ya kaboni ni mepesi na yanapendeza, lakini ni ghali na hayapendi kugongwa. Ya plastiki ni mazito kidogo, ila yanastahimili kurushwa kwenye boti na kukwaruzwa na jiwe. Anayeanza aanze na plastiki. Fedha inayobaki, lipa mwalimu.

Mguu ndio unaoamua

Sisi hununua viatu kwa macho. Mapezi usinunue kwa macho. Nenda dukani jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa, nawe unataka kuujua ulivyo ukiwa umejaa. Chukua na soksi za mpira utakazovaa majini, zile za unene wa milimita 2 au 3. Mapezi mengi huwekewa namba mbili mbili, mfano 36–37 na 38–39, na soksi huweza kukupandisha namba moja.

Yavae umekaa. Vidole vilale vimenyooka, visijikunje. Kisigino kijae kwenye kiatu cha pezi bila kubanwa kwa nyuma. Nyanyua mguu, utikise kulia na kushoto: pezi lisichomoke wala lisicheze. Halafu usilivue. Kaa nalo dakika 10 au 15, piga soga na muuzaji. Pahali patakapoanza kuuma hapo dukani ndipo patakapokutoa lengelenge baharini. Na kumbuka, majini pezi hulegea kidogo kuliko nchi kavu, kwa hiyo lile lililolegea dukani liache huko huko.

Soksi hizo zina faida mbili kwetu. Zinazuia ngozi isichubuke, na zinamsitiri anayesitiri miguu yake. Kwa biharusi kuna ya tatu: miguu iliyochorwa hina na piko haitaki kusuguliwa na mpira na chumvi. Ikiwa piko imekuwasha au imekutoa vipele, acha bahari mpaka ngozi ipone. Fungate si ya siku moja.

Stara majini

Dera ni zuri nyumbani. Baharini linashika maji, linapanda juu, linazonga miguu, na ukiwa na mapezi linakuwa kamba. Vaa nguo ya kuogelea ya stara iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Burkini aliibuni mama wa Kiislamu wa Australia, Aheda Zanetti, mwaka 2004, kwa wanawake waliotaka kucheza na kuogelea bila kuacha stara yao. Hakikisha suruali yake inabana kwenye kifundo cha mguu, isiingie ndani ya kiatu cha pezi, na kanzu yake ya juu iwe na kamba ya kufungia kwenye suruali isipande. Kofia iwe imeshikana chini ya kidevu, halafu miwani ikae usoni moja kwa moja. Ikikaa juu ya kitambaa itavuja.

Ukitaka faragha zaidi, jikusanyeni mashoga watano sita mkodi boti yenu, mtafute mwalimu mwanamke, mwende asubuhi mapema. Sisi tumefanya hivyo. Nahodha alikaa mbele amegeuza uso, na hatukuona shida yoyote.

Ukishayapata

Usitembee ufukweni nayo. Utaanguka, na mapicha ya harusi bado hayajaisha. Nenda nayo mkononi mpaka maji ya kiunoni, shika bega la mwenzio, yaloweshe, kunja ukingo wa kisigino, ingiza mguu, kisha ukunjue. Usivute kwa nguvu, mpira utachanika. Ukilazimika kupiga hatua, tembea kinyumenyume, ukiburuza nyayo.

Teke litoke kwenye nyonga, si kwenye goti. Goti lilegee kidogo, vidole vinyooke kama mcheza ngoma aliyesimama kwa ncha. Polepole. Anayepiga povu jingi juu ya maji anajichosha bure.

Muulize nahodha habari ya maji. Siku za bamvua bahari inajaa na kupwa kwa nguvu na mkondo unakuwa mkali. Anayeanza achague maji mafu. Na kusi ikivuma, upande wa mashariki unachafuka, tafuta pahali pa kivuli cha upepo.

Na kuzama kwa pumzi, hili tunalisema kwa mkazo: usizame peke yako hata siku moja. Mmoja chini, mmoja juu anatazama, na aendelee kumtazama mwenzake angalau nusu dakika baada ya kuibuka. Usihemehe haraka haraka kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Unachofanya ni kuiondoa ile hali inayouambia mwili uvute pumzi, na mtu huzimia bila hata kuhisi dalili. Masikio yakiuma, panda juu. Una mafua, baki juu na mrija wako. Kujitia kwenye maangamizi tumekatazwa, na hakuna samaki mzuri wa kutosha kuhalalisha hilo.

Ukirudi, yasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yaanike kivulini, yalaze. Ukiyasimamisha juani kwenye ukuta yatapinda.

Neno kwa waume na mama wakwe

Kumpa mke mapezi ni zawadi nzuri. Lakini mpime mguu kwanza. Bora zaidi, nenda naye dukani, au mpe somo la kuogelea miezi mitatu kabla ya harusi. Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), mara moja akamshinda, mara nyingine akashindwa. Mchezo baina ya mke na mume si jambo la kuonea haya. Ila mchezo uwe wa wawili. Mke anayeburuzwa kwenye maji anayoyaogopa ili picha ipatikane, huyo hachezi.

Na wewe uliyeambiwa na mama mkwe kwamba biharusi wa heshima hukaa bandani na kanga yake, mjibu kwa upole. Mwambie unakwenda kujifunza jambo litakalokuja kumwokoa mjukuu wake.

Mwenzetu wa begi? Mapezi tuliyarudisha dukani, tukabadilisha kwa mafupi, laini, namba 38–39, pamoja na jozi ya soksi. Bwana harusi hakukasirika, alicheka akasema kumbe angeuliza mapema. Sasa kila Jumamosi asubuhi tunakwenda naye maji ya kiunoni, yeye na shangazi yake aliyesema anakuja kutazama tu. Wiki iliyopita shangazi alielea kwa mgongo kwa mara ya kwanza maishani mwake, ana miaka 58. Alipotoka majini alikaa kwenye mchanga kimya kitambo, kisha akauliza mapezi ya namba yake yanauzwa wapi.

Allah atuhifadhi sote, nchi kavu na baharini. Amin.