Heri Kunyoa Mapema

Msomaji, siku moja darasani hapa Lodwar niliwaeleza wanafunzi wangu jinsi watu wa zamani walivyoziondolea manowari kuukuu sitaha za juu ili zipate kutumika tena. Mwanafunzi mmoja atokaye Kakuma akasimama akasema, "Mwalimu, kuikata meli ni kuivunjia heshima. Afadhali izame ikiwa nzima." Wenzake wakampigia makofi. Makofi yale yalinisikitisha, na insha hii ndiyo jibu langu.

Katika karne ya 18 manowari kubwa za matanga zilibeba mizinga katika sitaha mbili au tatu, moja juu ya nyingine. Kila sitaha iliongeza vitisho, lakini iliongeza na uzito wa juu, na chombo kizito juu huyumba na kwenda polepole. Meli ya mizinga 64 ilifika mahali pabaya: ilikuwa dhaifu mno kuzikabili kubwa kuliko yenyewe, na nzito mno kuzifukuza ndogo. Basi maseremala wakaondoa sehemu ya juu, wakabakiza mataruma manene, matanga mapana na mizinga mizito ya chini. Wafaransa waliiita meli ya namna hiyo kwa neno lenye maana ya "iliyonyolewa".

Je, ilifedheheka? Indefatigable ya Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1784, ilianza kunyolewa mwaka 1794. Tarehe 13 Januari 1797, chini ya nahodha Edward Pellew, pamoja na mwenzake Amazon, iliishambulia katika tufani meli ya Kifaransa Droits de l'Homme yenye mizinga 74. Bahari ilichafuka hata Wafaransa wakashindwa kuitumia ipasavyo mizinga ya sitaha yao ya chini, kwa kuwa maji yaliingia madirishani. Kulipokucha Droits de l'Homme na Amazon zilikuwa zimekwama pwani zimevunjika. Indefatigable ilikuwa ingali ikielea.

Labda utasema: hayo ni ya Ulaya, yatuhusu nini sisi watu wa nchi kavu? Nenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana. Huko kilijengwa kwa msaada wa Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha kugandisha samaki. Kugandisha kulidai umeme mwingi na maji safi mengi, navyo ni adimu kwetu. Gharama ikaishinda faida. Katika miaka hiyo hiyo ziwa likarudi nyuma, na Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki tele, ikakauka. Mashine zikanyamaza, na jengo lile la fahari likawa ghala la samaki wakavu.

Watu hulicheka ghala lile. Mimi silicheki, kwa maana ghala ndilo lililofaa. Wavuvi wetu walijua kukausha samaki kwa jua, na jua halitozi ada. Kosa lilikuwa kulijenga kwanza lile lisilohimilika, kisha kuungoja msiba uwe ndiye seremala.

Mpinzani wangu atadai kwamba nawafundisha vijana wa Turkana kuridhika na kidogo. Sivyo hata kidogo! Indefatigable haikunyang'anywa mizinga yake mizito. Iliondolewa kimo, ikabakiziwa nguvu. Wala sisemi kwamba kunyoa ni dawa ya kila ugonjwa. Cumberland ya Marekani ilinyolewa pia, na bado mwaka 1862 ilizamishwa na Virginia, meli iliyovikwa chuma. Lakini hata hiyo Virginia ilijengwa juu ya mabaki ya Merrimack, meli ya mbao iliyokuwa imeteketea mpaka usawa wa maji. Aliyeyadharau mabaki yale hakuyajua.

Kesho, msomaji, utaketi katika kamati ya kisima, ya shule au ya zahanati. Utaletewa mchoro wenye orofa nyingi, na watu watapiga makofi. Simama uulize: ni sehemu gani itakayobaki ikielea siku ya tufani? Hiyo ijenge kwa mbao nene. Iliyobaki ikate ungali na hiari. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na Kalokol amekwisha kunyolewa, tena kwa wembe mkavu.