JICHO NALO HUDANGANYWA



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, zamani mtu akitaka kumaliza ubishi alisema: "Nimeona kwa macho yangu." Leo kauli hiyo haitoshi, ikiwa alichokiona ni video ya kwenye simu.

Mwaka 1997 Christoph Bregler na wenzake huko Marekani walitengeneza programu iliyobadilisha mwendo wa midomo, mtu akaonekana anasema asiyoyasema. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakafika kwenye mwili mzima. Kompyuta ilisoma mikao ya viungo vya mcheza dansi hodari, kisha ikatoa video ya mtu mwingine asiyejua kucheza akipiga hatua zile zile. Sura yake, mwili wake, lakini mwendo si wake.

Wala hauhitajiki utaalamu mkubwa. Mei 2019, video ya Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati huo, ilipunguzwa kasi hadi kiasi cha robo tatu tu, naye akaonekana kama mlevi. Mamilioni waliitazama. Machi 2022 ikatoka video ya uongo ya Rais Zelensky wa Ukraine akiwataka askari wake waweke silaha chini. Yeye aliikanusha siku ile ile, kwa sababu ana pa kusemea.

Je, binti wa jirani yetu ana pa kusemea? Video yake ikizungushwa akionekana anacheza ngoma asiyoicheza, baba ataisikia msikitini, mama sokoni, na posa itavunjika kabla hajaulizwa neno.

Wapo wanaosema: "Lisemwalo lipo." Na wengine: "Sikuitengeneza mimi, nimeituma tu." Hoja hizi hazina uzito. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuichunguze habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Surat An-Nur nayo inamtaka anayemsingizia mwanamke mwema alete mashahidi 4. Na maulamaa wa Hadithi hawakupokea maneno matupu, waliuliza: umeyapata kwa nani, naye kayapata kwa nani? Basi video isiyo na sanadi tunaipokeaje kwa mikono miwili?

Hatusemi kila video ni uongo. Mdhalimu aliyenaswa naye atadai kuwa imechezewa, na tukimkubalia bila kuchunguza tutakuwa tumemnyima haki aliyedhulumiwa. Kwa hiyo uchunguzi ni wa pande zote mbili.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujabonyeza kutuma, uliza: Nani kaipiga? Lini na wapi? Nzima iko wapi? Ukikosa jibu, ikome kwako. Na ikiwa inamhusu mtu unayemjua, mwendee yeye kwa siri, au mwambie mzazi au ustadhi. Heshima ya mtu ikishavunjwa, hakuna programu ya kuirudisha.

Wabillahi tawfiq.